Mjomba kafia kitandani kwake, je ndo kashinda?

Toleo lililopita niliandika kidogo kuhusu watu wanaokula mali za mayatima, na barua zilizokuja baada ya pale ni nyingi mno, nyingine zimeandikwa kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imenikosesha usingizi.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Newala. Bibi yetu mzaa mama aliacha mikorosho mia na kitu, na kwa kabila letu mali inapita upande wa mama, mjomba anakuwa msimamizi tu wa wapwa zake. Bibi alivyofariki mjomba akasema nawashikia mpaka mkue. Alishika kweli. Msimu ukifika anavuna yeye, jina kwenye daftari la chama cha msingi la kwake, hela inaingia akaunti yake, mama akiuliza anaambiwa salfa, ile dawa ya mikorosho, imepanda bei, mara mwaka huu mikorosho haikubeba, na mwaka mmoja tukasikia kipande cha shamba kishawekwa rehani kwa mtu. Mama yangu alikuwa anabangua korosho za watu mpaka vidole vinatoka ngozi kwa yale mafuta ya maganda, na miezi ya njaa tunaenda naye porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya mwituni. Mimi shule niliishia darasa la saba. Mjomba akajenga mjini, akaenda hija, na mwezi uliopita kafariki, aliswali alfajiri akarudi kulala hakuamka tena. Msiba ulijaa magari. Kabla jeneza halijatoka ikatangazwa kwenye spika kwamba kama kuna mtu anamdai marehemu ajitokeze kwa familia, sisi wanawake tuko ndani tunasikia, mama mdogo akanishika mkono akaubana kwa nguvu, nikanyamaza. Mama alikuwa kaegemea ukuta anaangalia chini.

Sasa kaka yangu yuko Dar, kasoma chuo, siku hizi haamini tena mambo ya akhera. Usiku uleule wa msiba akaniambia dada tuache kujidanganya, hakuna moto wala pepo, yule mzee kala, kashiba, kalala, kashinda. Wengine wananiambia malipo ni hapa hapa duniani, mbona mi sikuyaona? Mama yeye anasema namwachia Mungu. Nielekeze Mwalimu, kama kaka anasema kweli, basi haki haipo kabisa?
Mpwa, Newala

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nasema pole kwa sababu mjomba ni mjomba hata akikudhulumu, na najua ulipika kwenye msiba ule, ukaosha vyombo vya wageni wake, na kifua kimejaa.

Niseme mapema nilipo usije ukaona nakuzungusha. Mi naamini akhera, nimelelewa nayo hapa Mikindani na mpaka umri huu sijaiacha. Ila swali la kaka yako siwezi kulijibu kwa kumwambia rudi msikitini, yeye kashatoka huko, na nyie wawili mna mama mmoja, mnahitaji jibu ambalo mnaweza kukaa nalo mkeka mmoja.

Tuanze na hilo la malipo ni hapa hapa duniani maana ndo linalosemwa sana misibani, na kwa maoni yangu ndo linalotuumiza kuliko yote. Si kweli. Yaani mara nyingine inatokea, mwizi anakamatwa, jeuri anafilisika, watu wanamkumbuka huyo mmoja wanasahau ishirini ambao hawakuguswa hata na mafua. Na wala vitabu vya dini havijaahidi hivyo. Asafu kwenye Zaburi ya 73 analalamika waziwazi kwamba waovu wamenenepa, hawapati taabu kama watu wengine, mpaka yeye mwenyewe alikaribia kuteleza. Ayubu anauliza mbona waovu wanaishi mpaka wanazeeka na nguvu zao zinaongezeka. Na Kurani, Sura Ibrahim aya ya 42, inasema usidhani Mwenyezi Mungu kaghafilika na wanayoyafanya madhalimu, anawaakhirisha mpaka siku ambayo macho yatakodoka. Anawaakhirisha, maana yake aya yenyewe inakubali kwamba kwa leo dhalimu anakula kwa raha zake.

Mwaka 1979 nilikuwa darasa la sita. Mwezi wa nne majeshi yetu yakaingia Kampala, mwalimu mkuu akatoa redio yake nje, tukaruka ruka uwanjani mpaka vumbi likatufunika. Jirani yetu mwanawe hakurudi kutoka vita ile. Idi Amin, dikteta wa Uganda, akakimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akakaa huko miaka zaidi ya ishirini, mtu ambaye waliouawa chini ya utawala wake wanakadiriwa kufika 300,000, na hakuna mahakama iliyomsimamisha hata siku moja. Agosti 2003 akafia hospitali kule Jeddah. Niliisikia kwenye taarifa ya habari nikavuka njia kwenda kumwambia yule mama, nikamkuta anapepeta mtama, ungo ukasimama hewani, akaniuliza, kafia kitandani? Nikamwambia ndiyo. Akakaa kidogo, akaendelea kupepeta. Nilitamani niwe na neno la kumpa sikuwa nalo, ila najua kwamba ningemwambia malipo ni hapa hapa duniani ningekuwa nimemtukana.

Alafu msemo huu una ubaya mwingine hatuutazami. Kama kila uovu unalipwa hapa hapa basi kila anayeumwa analipia kitu, mzee aliyepooza, mama aliyejifungua mtoto mwenye ulemavu, mtu aliyeunguliwa nyumba, wote watu wanaanza kunong'ona huyu alimfanyia nini nani. Mama yako mwanangu, vidole vimetoka ngozi, kachimba ming'oko na watoto mgongoni, kwa hesabu ya msemo ule yeye ndo aliyekuwa analipishwa na mjomba mwenye nyumba ya mjini ndo alikuwa mwema. Usimruhusu mtu auseme tena mbele yake.

Sasa kaka. Mi simkasirikii, kukataa faraja ambayo huiamini kunahitaji moyo. Na hayuko peke yake kuona kwamba bila akhera hesabu hazifungi, Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, mwaka 1788 aliandika kwamba akili yenyewe inadai wema na furaha vikutane, na kwa vile katika maisha haya havikutani inavyotakiwa, inabidi tukubali kwamba roho haifi na Mungu yupo. Kaka yako anaipita njia hiyohiyo kwa kuanzia mwisho, akhera haipo, basi hesabu haifungi, basi mjomba kashinda. Hapo kwenye lile neno "basi" la pili ndo simfuati.

Kashinda nini? Muulize hivyo hivyo. Amekwepa adhabu, hilo kweli, ikiwa akhera haipo amekwepa moja kwa moja. Lakini mtu anayedaiwa akifa hajalipa, kwani tunasema deni limegeuka mali yake? Ile ilikuwa dhuluma siku ileile aliyoandikisha jina lake kwenye daftari la chama, asubuhi ile, kabla ya moto wowote kuzungumzwa. Sisi tunaoamini tunasema Mungu atamwadhibu kwa sababu alidhulumu, hatusemi kwamba alidhulumu kwa sababu ataadhibiwa, na kaka akilitafakari hilo ataona kwamba hata akiuondoa moto, dhuluma imebaki palepale imekaa, na aliyedhulumiwa amebaki, na anachodai kimebaki. Kilichoondoka ni mtu wa kumchapa. Sisi tumezoea kuona haki ni fimbo, mkosaji asipochapwa tunaona hakuna kitu, wakati mama yako hajaandika popote kwamba anataka mjomba achapwe. Anadai mikorosho ya mama yake.

Na hapa narudi kwenye ile spika ya msibani, sehemu ile ya barua yako nimeisoma mara nne. Mtume (s.a.w.) akiletewa maiti kumswalia alikuwa anauliza, ana deni? Sura Nisaa inapogawa urithi inasema ni baada ya wasia na deni. Kuna hadithi inasema roho ya muumini imening'inia kwa deni lake mpaka lilipwe, na ipo ile ya muflisi, mtu anayekuja siku ya Kiyama na swala na funga na zaka lakini huyu alimtukana, yule alikula mali yake, basi mema yake yanagawiwa kwa hao mpaka yanaisha. Dini hiyohiyo inayotuhubiria Siku ya Hesabu kila Ijumaa haikusema mzikeni tu mtadaiana huko mbele. Imesema subirini kwanza, nani anamdai? Swali linaulizwa juu ya ardhi, maiti bado haijaingia kaburini, linaulizwa kwa watu walio hai na wanaoweza kuitika. Kwa hiyo hata sisi wa akhera hatukuruhusiwa kungoja akhera. Mama mdogo alipokubana mkono hakuwa anamtetea Mungu mwanangu, alikuwa anatetea utulivu wa msiba, na namwelewa, ila hayo ni mambo mawili.

Mama yako akisema namwachia Mungu simlaumu hata kidogo, aliyechoka ana haki ya kutua mzigo. Ninaowalaumu ni wale wanaomsemea, muachie Mungu dada, wakati wao ndo wanakula zile korosho.

Kuna mtu mmoja wa Chad nampenda sana, anaitwa Souleymane Guengueng, alikuwa mhasibu tu. Hissène Habré alitawala Chad kuanzia 1982 mpaka 1990 na magereza yake yalikuwa mahali pa kufia. Guengueng alifungwa bila kosa, akaona wenzake wanakufa mmoja mmoja ndani ya seli, akaapa mbele ya Mungu kwamba akitoka hai atawapigania. Habré alivyopinduliwa 1990 akatoka, macho yameharibika, akaanza kuzunguka kwa waliopona na kwa wajane kukusanya maelezo yao, akayaficha nyumbani kwake miaka na miaka, na Habré kakimbilia Senegal anaishi zake vizuri. Mei 2016 mahakama maalumu kule Dakar ikampa Habré kifungo cha maisha, na 2021 akafa akiwa bado mfungwa. Guengueng ni mcha Mungu kabisa, angeweza kukaa akasema kuna siku ya hukumu. Imani yake ndo iliyomfanya asikae. Na hukumu ile ya Dakar haikutolewa na mbingu, imetolewa na makaratasi aliyoyaficha mhasibu, na wajane waliokubali kusema mbele ya watu jambo ambalo linauma kulisema, mtu asiyeamini chochote anaweza kuishika ile hukumu mkononi akaisoma kama ninavyoisoma mimi.

Lakini upande huu pia sitaki kumdanganya kaka yako. Kuna kitu kinapotea kama akhera haipo na hakirudi. Vilima vya Umatumbi, huko Kilwa, ndiko vita ya Majimaji ilikoanzia 1905. Kinjikitile, mganga aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa Agosti ya mwaka ule vita ikiwa ndo kwanza inawaka, Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, njaa ikaua kuliko risasi, makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 mpaka 300,000. Gavana wa wakati ule, Gustav Adolf von Götzen, alirudi kwao 1906, akafa 1910, hakuna mahakama iliyomuuliza lolote. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier akaja Songea akaomba msamaha, na mi nasema alifanya jambo la maana, wajukuu walisikia. Ila mtoto aliyekufa na njaa Umatumbi mwaka 1906 hakusikia. Mi naamini yule mtoto anangojewa na Mola wake. Kwa asiyeamini, yule mtoto hatolipwa kitu, basi, imeisha, na sioni namna ya kulizunguka hilo. Nimekaa na watu wasioamini, waungwana kabisa, na wale wa kweli wanakiri hivyo, kwamba haki waliyonayo ni pungufu na itabaki pungufu. Pungufu sio hakuna.

Na ndo maana nataka umfikishie kaka maneno haya kama nilivyoyaandika. Kama kweli hakuna siku nyingine ya kulipwa, basi kila siku ambayo aliyedhulumiwa bado anapumua ina thamani kubwa mno, maana ndo dirisha lenyewe, hakuna jingine. Mama yenu yuko hai. Mtu anayeamini anachoamini kaka yako ndo angetakiwa awe wa kwanza kupanda basi kuja Newala, usiku uleule, na sio kukaa Dar akatangaza kwamba mzee kashinda.

Sasa la kufanya, maana miezi hii ni ya muhimu. Mjomba kafariki juzi tu, mirathi yake bila shaka haijafungwa. Familia itaitisha kikao, watapendekeza msimamizi, watakwenda Mahakama ya Mwanzo na tangazo litabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mlifuatilie hilo tangazo, msisubiri kuambiwa. Tafuteni wazee wanaokumbuka bibi akipanda, majirani wa mpakani, daftari za chama za misimu ya nyuma, na yule aliyewekewa rehani lazima ana karatasi yake. Kwenye madai ya ardhi sheria ya ukomo inatoa miaka 12, sasa hesabu inaanzia wapi kwa mtu aliyesema nawashikia tu, hilo mkamuulize mwanasheria mapema, na kama hela hakuna ulizieni wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 na kazi yao ni hiyo. Ila kabla ya mahakama nenda kwanza kwa watoto wa mjomba, uende na mama, mkae barazani kwao kwa heshima, uwaambie siku ile ilitangazwa kwenye spika kama kuna anayemdai marehemu, mkono wangu ulishikwa, leo nimekuja kuitika. Watoto wake wanamwamini Mungu wa baba yao. Huenda wanaogopa deni la baba kuliko wanavyopenda korosho zake. Na wakikufukuza, umeshaitika, nenda mahakamani.

SWALI

Mwalimu habari za kazi. Kwa upande wangu naona tukiwaambia vijana hakuna Jehanamu nchi itaharibika, kila mtu atafanya anavyotaka akijua hakuna anayemuona. Asiyeogopa moto ataogopa nini?
Fundi, Nachingwea

JIBU

Njema fundi. Swali lako lina umri wa miaka zaidi ya 2,300. Plato wa Ugiriki alisimulia habari ya mchungaji aliyepata pete, akiigeuza kidoleni haonekani na mtu, akaishia kumuua mfalme na kuchukua mke na kiti. Je wewe ukipewa pete ile utabaki mwaminifu? Nalipenda swali hili kwa sababu linamuuma anayeamini na asiyeamini sawasawa.

Twende ghalani. Mi nimepanga foleni ya kupima korosho misimu mingi, shamba la marehemu baba. Mtu anayechezea mizani, anayekata kilo mbili kila gunia akisingizia unyevu, na yule wa kangomba anayekuja miezi ya njaa na chombo chake kikubwa akijua ndani kwako hakuna unga, akaichukua korosho ambayo bado iko kwenye maua kwa hela ya chumvi, hao watu nawafahamu, tunaswali safu moja. Moto wanaujua aya kwa aya. Haukuwazuia. Kilichowapunguza ni mizani kukaguliwa, mkulima kupewa risiti yenye kilo zake, na bei kutajwa hadharani kwenye mnada watu wote wanasikia, mambo yaliyoanza kuja na stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala na mnada, tangu 2007, na mfumo wenyewe una kasoro zake, kuchelewa kwa malipo kumewaliza watu, hiyo ni barua ya siku nyingine.

Na wamekuwepo waadilifu ambao moto hawakuujua kabisa. Profesa John Mbiti wa Kenya, ambaye alikuwa kasisi wa Kianglikana, aliyachunguza mambo ya dini zetu za jadi akaona kwamba jamii nyingi za Afrika hazikutarajia mtu ahukumiwe baada ya kufa, adhabu ya kosa ilitazamiwa katika maisha haya haya. Wazee walitambika kwa unga wa mtama chini ya mti, wakaishi na mipaka ya mashamba bila hatimiliki, mtu akaacha jembe njiani akalikuta kesho. Sisemi walikuwa malaika, soma barua niliyoijibu hapo juu uone ubaya wa kudhani kila ugonjwa ni malipo. Masadukayo, kundi moja la dini la Wayahudi wa kale, nao walikana ufufuo, imo Matendo 23:8, na walikuwa na Torati na makuhani na mahakama zao.

Siwaondolei vijana Jehanamu, ni imani yangu. Ninachokataa ni kuigeuza polisi, kwamba kwa kuwa moto upo basi tusikague mizani. Kijana wako wa gereji mfundishe kwamba spea ya mteja ni ya mteja, na mwonyeshe wewe unavyorudisha chenji. Mengine atayakuta.

SWALI

Mwalimu, tumeibiwa injini ya boti hapa Kilwa Masoko, ndo riziki ya familia tano. Wazee wameshachangisha hela tukasomeshe halbadiri, kile kisomo cha kumlaani mwizi, ili apatikane au apate cha kumpata. Mi roho inasita na naogopa kusema. Nikae kimya?
Mvuvi, Kilwa

JIBU

Usikae kimya, roho yako inasita kwa haki. Hasira yenu naielewa, injini ile ni bei ya miaka, na aliyedhulumiwa dua yake haina pazia kati yake na Mungu, hadithi inasema hivyo, ombeni sana. Lakini kisomo cha kumtakia mtu maafa ni jambo lingine na masheikh wengi wanalikataza. Fikiria kitakachotokea. Mtasoma, mtakaa, na ndani ya miezi miwili lazima kuna mtu atavimba mguu, mwingine mtoto wake atazama, mwingine atapata kiharusi, Kilwa ina watu wengi na watu wanaumwa. Mtaa mzima utasema huyu ndo mwizi. Hajaulizwa, hajajitetea, hakuna shahidi, kisha watoto wake wataitwa watoto wa mwizi mpaka wanaoa. Na mwizi mwenyewe huenda yuko zake Dar na afya tele. Mkishaona mtu kavimba mguu mtaacha hata kumtafuta.

Waambie wazee kwa adabu, ukianzia na yule anayekusikiliza, uende naye kwa wenzake. Injini ina namba kwenye kibati chake, kama mna risiti ya kununulia namba imo. Ipelekeni polisi na kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia fukwe, alafu mzungukieni kila fundi wa injini, Masoko, Kivinje, Somanga, hadi Mafia, kwa sababu injini haikai bila spea na mafundi wanazijua injini kama unavyojua ng'ombe wako. Hela iliyochangwa kwa ajili ya kisomo inatosha nauli ya watu wawili kuzunguka madiko yote hayo wiki nzima, waondoke kesho na bamvua.